Skrini Nyeusi kwa Katibu wa Kamati ya Harusi

Ukichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya harusi, usijidanganye kwamba wajumbe wameiona hekima yako. Wameiona laptopu yako. Kuanzia jioni hiyo utatumiwa kila kitu: picha za kumbi tano, risiti za maturubai, ahadi za michango zilizopigwa picha kwenye daftari lenye mwandiko usiosomeka, bajeti ya kwanza, bajeti ya pili, na bajeti iliyorekebishwa na shangazi ambaye wala si mjumbe. Baada ya wiki mbili kioo cha laptopu kitakuwa kimejaa mafaili mpaka sura ya mchumba wako uliyoiweka pale nyuma imebaki jicho moja.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kushika kipanya na kuburuta faili moja moja hadi saa nane za usiku, kazi ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza, na kwa hiyo haikuongezei heshima yoyote. Ya pili ni kufungua teminali, ile skrini nyeusi yenye maandishi matupu ambayo watu wameizoea kwenye filamu za wadukuzi. Ukiifungua kikaoni, hakuna atakayethubutu kukuuliza muhtasari wa kikao kilichopita uko wapi. Mwongozo huu ni wa njia ya pili. Nia yake ni uonekane mtaalamu na, ikiwezekana, harusi iishe ukiwa bado na picha.

Kuipata si kazi. Kwenye Ubuntu bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Kwenye Mac itafute kwa jina la Terminal. Mwenye Windows afungue PowerShell kama msimamizi, aandike `wsl --install`, asubiri, kisha awashe mashine upya. Atakuwa na Linux ndani ya Windows, jambo ambalo Microsoft wameliruhusu tangu 2016 baada ya miaka mingi ya uadui. Asiye na kompyuta kabisa apakue Termux kwenye simu ya Android. Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo yule mjumbe anayekucheka kwa "mambo yako ya kizamani" anatembea nayo mfukoni. Wengine huanza kwa kubadili maandishi yawe ya kijani. Kiufundi haisaidii lolote. Fanya hivyo.

Teminali itakukaribisha kwa mstari mfupi unaoishia na alama ya dola (kwenye Mac za siku hizi ni alama ya asilimia), kisha itanyamaza. Dola hiyo haihusiani na michango. Maana yake ni: sema, nakusikiliza. Anayeanza husema papo hapo. Mtaalamu huuliza kwanza amesimama wapi, kwa kuandika `pwd` na kubonyeza Enter. Atajibiwa kitu kama `/home/katibu`.

Swali hilo ndilo nusu ya elimu yote iliyomo humu. Kila unapofungua teminali unakuwa ndani ya folda fulani, uione usiione, na karibu kila utakachoamuru kitatendeka humo. Ukitaja njia kamili, inayoanza na mkwaju `/` ambao ni mzizi wa mfumo mzima, utaeleweka popote ulipo. Ukitaja njia fupi, itahesabiwa kuanzia uliposimama. Ni mambo ya kuelekezana nyumba uswahilini: "Kata kushoto kwenye duka la Mangi, nyumba ya tatu, geti la bluu" ni maelekezo mazuri kabisa kwa mtu aliyekwisha kushuka kituo sahihi. Aliyeshuka kituo kingine naye atalikuta duka la Mangi, naye atakata kushoto, na atagonga geti la bluu la watu wengine kwa kujiamini kabisa.

Usidhani haya huwapata wageni tu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, alikusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba. Kumbe amesimama kwenye seva kuu. Mpaka anagundua na kuikatiza amri, ilikuwa imepita sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyofaa siku hiyo. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyokuwa imechukuliwa kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa kuandika `pwd` kila baada ya dakika mbili, mwache acheke. Na kama una mashine zaidi ya moja, ongeza `hostname`, ikutajie jina la mashine unayozungumza nayo.

Kutembea ni `cd`. Ukiandika `cd Harusi` unaingia, `cd ..` unarudi nyuma ngazi moja, `cd -` unarudi pale ulipotoka muda si mrefu. `cd` peke yake hukupeleka nyumbani hata kama umepotea vipi. Nyumbani pia huandikwa kwa kiwimbi `~`, na sababu yake haina siri yoyote: kwenye kibodi ya ADM-3A, mashine ya miaka ya sabini iliyotumiwa sana Berkeley, California, kitufe chenye kiwimbi ndicho kilichoandikwa Home.

Usichape jina la folda lote. Andika herufi tatu, bonyeza Tab, mashine imalizie yenyewe. Uvivu huu una faida: isipomalizia, ujue folda hiyo haipo ulipo au umekosea herufi, na umeambiwa kabla ya madhara kutokea. Mshale wa juu hukurudishia amri ulizokwisha kuandika. Vitufe hivi viwili ndivyo vinavyowafanya watazamaji waamini unachapa kwa kasi isiyo ya kibinadamu, nawe huna sababu ya kuwasahihisha.

Kuona kilichomo ndani ya folda ni `ls`. Ukitaka na ukubwa wa kila faili, `ls -lh`. Ukitaka lililoguswa karibuni litangulie, `ls -lt`. Litakalokaa juu kabisa ni bajeti ya shangazi. Usishangae ufupi wa majina haya. Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wa Bell Labs, New Jersey, walioanza kuijenga Unix mwaka 1969, walikuwa wakichapa kwenye teletaipu yenye vitufe vizito iliyopiga herufi kumi kwa sekunde. Hata wewe ungefupisha. `ls`, `cp`, `mv`, `rm` na `mkdir` zimo zote kwenye kitabu cha maelekezo cha Novemba 1971, na zinafanya kazi leo hii kwenye simu yako. Ile programu ya kulainisha ngozi kwenye picha, uliyoipakua mwaka jana, haitafikisha umri huo.

Lakini `ls` haikuonyeshi vyote. Faili ambalo jina lake linaanza na nukta hujificha mpaka uandike `ls -a`. Rob Pike, aliyekuwa huko huko Bell Labs, amesimulia kwamba jambo hili halikukusudiwa: mtu alitaka kuficha `.` na `..` tu, yaani alama za "hapa" na "nyuma", akaandika sharti la haraka linalotazama herufi ya kwanza pekee, na kila kinachoanza na nukta kikazama. Nusu karne baadaye programu chungu nzima huweka mipangilio yake humo, na folda inayoonekana tupu yaweza kuwa imekula gigabaiti. Kwa katibu huu ni uchochoro mzuri. Faili la bei halisi ya suti ya bwana harusi liite `.suti`, na hakuna mjumbe atakayeliona.

Kuunda folda ni `mkdir`. Ongeza `-p` ili iunde na zile za juu ambazo hazipo bado:

`mkdir -p Harusi/picha Harusi/michango Harusi/risiti Harusi/vikao`

Mstari mmoja, folda tano, na hakuna neno utakaloambiwa. Hapa lazima uzoee tabia ya teminali: ikifanikiwa haisemi, ikishindwa ndipo inafoka. Asubirie hongera aliyefungua programu nyingine.

Sasa majina. Linux itakubali jina lolote mradi halina mkwaju na halizidi baiti 255. Itakubali nafasi, mabano, vikatuni vya kucheka, hata vya kulia. Uhuru huo umewaponza makatibu wengi. Chukua faili liitwalo `Bajeti ya mwisho.xlsx`. Ukiandika `rm Bajeti ya mwisho.xlsx` ili ulifute, teminali haioni faili moja, inaona matatu: `Bajeti`, `ya` na `mwisho.xlsx`, kwa kuwa kwake nafasi ni mpaka kati ya kitu na kitu. Ukiwa na bahati italalamika mara tatu kwamba hayapo. Ukikosa bahati, lilikuwepo faili jingine liitwalo `mwisho.xlsx`, na ndilo lililokwenda. Jina la namna hiyo lifunge kwa alama za kunukuu, `'Bajeti ya mwisho.xlsx'`, au usilipe jina hilo toka mwanzo. Andika `bajeti-2025-03-14.xlsx`: herufi ndogo, kistari badala ya nafasi, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili `ls` iyapange yenyewe kwa tarehe. Neno "mwisho" lisiwemo kabisa. Hakuna bajeti ya harusi iliyowahi kuwa ya mwisho.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina mambo. Kwenye Linux `Harusi` na `harusi` ni folda mbili, na zinaweza kukaa jirani miaka mingi bila kusalimiana. Kwenye Windows, na kwenye Mac nyingi, hilo ni jina moja. Siku utakapozihamishia zote huko, vilivyomo vitachanganyika na mafaili yenye majina yanayofanana yanaweza kukanyagana.

Tufike kwenye `mv`, amri ninayoiona ya hatari kuliko `rm` yenyewe, kwa sababu `rm` watu wanaiogopa na hii hawaiogopi. Kuhamisha faili ni `mv`. Kubadili jina la faili pia ni `mv`. Tuseme umepokea picha arobaini za kuvishana pete na unataka kuzitia kwenye folda ya Pete. Unaandika `mv pete1.jpg Pete`. Kimya. Unaandika `mv pete2.jpg Pete`. Kimya. Unaendelea hivyo mpaka ya arobaini, ukijiona mchapakazi. Kasoro ni moja tu: folda ya Pete hukuwahi kuiunda. `mv` ilipotazama haikuona folda ya jina hilo, ikaelewa kwamba unataka kubadili jina, ikaiita picha ya kwanza `Pete`. Ya pili nayo ikaitwa `Pete`, ikaifuta ya kwanza kwa kuikalia. Ya tatu ikaikalia ya pili. Sasa unayo picha moja, ya arobaini, ambayo kwa kawaida ndiyo ile mjomba amefumba macho. Thelathini na tisa hazipo tena. Hukuonywa kwa sababu hukuomba kuonywa.

Ukitaka kupoteza picha za watu kwa utaratibu na bila jasho, basi fanya hivyo hivyo nilivyoeleza. Ukitaka zibaki, malizia jina la folda kwa mkwaju: `mv pete1.jpg Pete/`. Kama folda haipo, amri itakataa. Na ongeza `-i`, iulize kabla ya kukalia faili lililokuwepo, au `-n`, isikalie kabisa. `cp` ya kunakili ina tabia zile zile na inapokea `-i` na `-n` zile zile. Kwa folda nzima huandikwa `cp -r`. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wako wa kwanza unakili kwanza, uhakikishe, ndipo ufute ya zamani. Diski ina nafasi kuliko ukoo ulivyo na subira.

Kinachowafanya watu wasogeze viti ni nyota, `*`, yenye maana ya "chochote". Picha zinazopitia WhatsApp kwenye Android hupewa majina ya namna ya `IMG-20250314-WA0007.jpg`, yaani tarehe, WA, kisha namba. Kila mtu anayalalamikia, lakini kwa mwenye teminali ni zawadi:

`mv -i IMG-20250314-WA*.jpg Harusi/picha/`

Picha zote za tarehe 14 Machi zimehama. `ls IMG-202503*-WA*.jpg | wc -l` inakuhesabia za mwezi mzima, zikiwemo zile za maua zinazokutakia asubuhi njema. Hapo mjumbe wa pembeni yako ataacha karanga na kuanza kukutazama. Kunja uso kidogo, ujifanye unatafakari.

Ila ujue kwamba nyota haifasiriwi na `mv` wala `rm`. Programu inayopokea maandishi yako, mara nyingi bash au zsh, huigeuza kuwa orodha ya majina kabla amri haijaanza; amri hupewa orodha tu. Ndiyo maana unaweza kuijaribu bila madhara: andika kwanza `ls` mbele ya nyota, usome majina yatakayotoka, na kama ndiyo uliyoyataka bonyeza mshale wa juu, ubadilishe `ls` kuwa `rm`.

Wasiojaribu hukutana na nafasi. `rm *.jpg` hufuta picha za jpg. `rm * .jpg`, kidole gumba kikiwa kimeteleza mara moja tu, hufuta kila faili lililomo ndani ya folda, kisha hukulalamikia kwamba faili liitwalo `.jpg` halionekani. Lalamiko ni la kweli. Wakati huo hakuna linaloonekana.

`rm` haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Hulifuta jina, na nafasi ya diski ikaachiwa wengine. Ukitaka pipa la taka, kwenye Ubuntu ipo `gio trash` ikifuatiwa na jina la faili. Jizoeze hiyo na hutajuta. Kwa folda ipo `rmdir`, amri yenye adabu kuliko zote, ambayo hukataa kufuta folda yenye kitu ndani. Watu hawaipendi kwa sababu hiyo hiyo. Wanakimbilia `rm -rf`, ambapo `r` ni kuingia ndani ya kila folda iliyomo, na `f` ni kutouliza na kutolalamika, yaani umejinyima vizuizi viwili kwa herufi mbili. Tangu 2006 toleo la `rm` lililomo kwenye Linux nyingi hukataa ukiliambia lifute mzizi `/`. Ukiliambia `~` halikatai. Nyumbani kwako ni shauri lako.

Wapo wanaokushauri uifunge `rm` ili kila mara iwe `rm -i` na iulize. Mimi siwaungi mkono. Utazoea kujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma, na siku utakapokaa kwenye mashine ya mtu mwingine, ambako hakuna kufuli hiyo, vidole vitakuwa vimekwisha kuharibika tabia.

Kama unahitaji kutishwa zaidi, waulize watu wa Pixar. Mwaka 1998, wakiwa katikati ya kutengeneza Toy Story 2, mtu mmoja aliendesha amri ya kufuta ya ukoo huu huu kwenye folda ya filamu. Wakawa wanaona wahusika wakipotea mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za akiba, zikawa hazifanyi kazi, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichoponya ni kwamba Galyn Susman, msimamizi wa ufundi wa filamu hiyo, alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa akifanya kazi nyumbani, hivyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Waliifunika kwa mablanketi, wakaifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma cha gari, wakaiendesha polepole hadi ofisini. Ed Catmull, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa studio, ameyaeleza haya kitabuni mwake. Kichekesho ni kwamba baadaye waliamua hadithi yenyewe haikuwa nzuri, wakaijenga upya karibu yote, na filamu ikatoka Novemba 1999.

Kuna njia nyingine ya kupoteza kitu ambayo haitumii `rm` kabisa, na hii inawapata hasa waliokwisha kujiona wameiva. Mhazini amekuletea `michango.txt`, majina na ahadi, kila mtu na mstari wake. Unataka kuyapanga kwa alfabeti. Umesikia kwamba alama `>` hupeleka majibu ya amri ndani ya faili, basi unaandika `sort michango.txt > michango.txt` na kubonyeza Enter kwa mbwembwe. Faili sasa ni tupu. Alama ya `>` hutangulia kulisafisha faili ili lipokee matokeo, na `sort` inapofika kusoma haikuti jina hata moja. Kama huna nakala, utamweleza mhazini kwamba wageni wote wamesamehewa ahadi zao. Njia sahihi ni `sort -o michango.txt michango.txt`, maana `-o` huandika baada ya kumaliza kusoma. Na ukitaka kuongeza mstari bila kufuta vilivyomo tumia `>>`, alama mbili. Kati ya moja na mbili ndipo yalipo maisha ya daftari zima.

Mengine kwa haraka. Kusoma faili refu la maandishi ni `less`, na kutoka humo ni kubonyeza `q`. `man ls` hukupa maelekezo ya `ls`, na kutoka ni `q` vile vile. Nimeona watu wakizima kompyuta kwa kukosa herufi hiyo. Amri inayoendelea na huitaki huikatiza kwa Ctrl na C. Skrini ikiganda ghafla, huenda ulibonyeza Ctrl na S ukidhani unahifadhi kazi; bonyeza Ctrl na Q, itafunguka. Kutafuta faili ulilosahau uliliweka wapi:

`find ~ -iname '*bajeti*'`

Itapekua nyumbani kote bila kujali herufi kubwa au ndogo, na itakurudishia bajeti kumi na mbili. Kujua folda ipi imejaza diski ni `du -sh *`; mara nyingi ni video ya kitchen party.

Utasikia pia habari za `sudo`. Iliandikwa karibu mwaka 1980 katika chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, nayo hukupa mamlaka ya mkuu wa mashine kwa amri moja. Ukiandika nywila yako, kwenye mashine nyingi hakuna nyota zitakazotokea, hakuna kitakachosogea. Kibodi haijafa, endelea. Wasiojua huitanguliza kila amri inapokataliwa. Kama umekataliwa kufuta kitu, soma kwanza umekataliwa kwa nini. Kwa kazi za kamati ya harusi, ndani ya folda zako mwenyewe, huihitaji hata siku moja, na anayekuambia uibandike mbele ya `rm` usiyoielewa hakutakii mema.

Kabla hujajaribu chochote katika haya, chomeka flashi sasa hivi. Kwenye Ubuntu andika `ls /media/$USER` uone imepewa jina gani, kisha, ukiwa nyumbani kwa maana ya `cd` tupu, andika `cp -r Harusi /media/$USER/` na umalizie na jina hilo na mkwaju; kama folda ya `Harusi` hujaiunda bado, taja badala yake folda yalimo mafaili yako sasa. Subiri alama ya dola irudi, andika `sync`, subiri tena, ndipo uiondoe flashi kwa utaratibu wake. Fungua picha mbili tatu kwenye kompyuta ya mtu mwingine uhakikishe zinafunguka. Flashi hiyo mpe shangazi aitunze. Bajeti yake ya karibuni imo, hataipoteza.